Kiapo cha Askari na Ulimi wa Raia

Katika kila taifa lenye jeshi, kijana aingiapo jeshini huapa. Huapa kwamba atawatii wakubwa wake, na kwamba atailinda nchi yake hata ikimpasa kuitoa roho yake. Kiapo hicho si jambo la mzaha. Pasipo kiapo, jeshi si jeshi bali ni kundi la watu wenye silaha, na raia hawawezi kulala kwa amani mahali walipo watu wa namna hiyo. Lakini askari asiyefia vitani hufika siku akavua sare, akairudisha bunduki ghalani, akarejea kwao kuwa raia miongoni mwa raia. Hapo ndipo lizukapo swali tunalotaka kulichunguza. Je, mtu huyo, akiwa na hakika kwamba vita alivyopelekwa kupigana si vya haki, ana ruhusa ya kusema hivyo hadharani, hali wenzake wangali mstari wa mbele? Au kiapo chake cha jana kinaendelea kuufunga ulimi wake hata kaburini?

Swali hili limekwisha kuulizwa katika nchi nyingi, na wako watu walioumia kwa sababu yake. Tutalitazama kwanza huko Marekani wakati wa vita vya Vietnam, kwa kuwa huko liliulizwa waziwazi, mchana, mbele ya Bunge la nchi.

Mwaka 1967 askari sita waliorudi kutoka Vietnam waliandamana pamoja mjini New York, na kutokana na hao sita kikaundwa chama cha askari wa zamani waliovipinga vita hivyo. Mwezi wa Aprili 1971 askari wa zamani zaidi ya elfu moja walikusanyika mjini Washington. Baadhi yao walikuja katika viti vya magurudumu, wengine wakitembelea magongo. Walipiga kambi katika uwanja ulio karibu na Bunge, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ilipoamuru wasilale hapo, walipiga kura wakaamua kulala. Na polisi hawakuwakamata. Tarehe 22 ya mwezi huo mmoja wao, John Kerry, aliyekuwa luteni katika jeshi la wanamaji na ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 27, alitoa ushahidi mbele ya Kamati ya Mambo ya Nchi za Nje ya Seneti. Aliwauliza wakubwa wale itawezekanaje kumwomba mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa. Kesho yake mamia ya wenzake walipita mmoja baada ya mwingine mbele ya uzio uliowekwa kulizunguka jengo la Bunge, wakazitupa nishani zao ng'ambo ya uzio huo.

Wako waliosema kwamba watu hao ni wasaliti. Haitufai kuyapuuza maneno yao, maana hayakusemwa na wapumbavu. Hoja zao kubwa zilikuwa tatu: kwamba askari aliyeapa amekwisha kujifunga, kwamba asemaye dhidi ya vita huwavunja moyo wenzake walio vitani na kumtia adui nguvu, na kwamba kukiita kitendo cha vita kosa ni kuwadharau waliokufa humo.

Tuanze na hoja ya kiapo. Yafaa tuulize askari huapa kwa nani, na huapa nini. Huko Marekani askari huapa kuitetea Katiba ya nchi, na Katiba hiyo hiyo ndiyo inayompa raia haki ya kusema. Basi asemaye kwa amani baada ya kuvua sare hakivunji kiapo chake. Anakitumia kile alichokuwa amekilinda. Kiapo humfunga askari kutii amri ya halali wakati wa utumishi wake. Hakimfungi kuamini kwamba kila vita vinavyoanzishwa na viongozi ni vya haki, wala hakimfungi kukana yale aliyoyaona kwa macho yake. Ni kweli ziko siri ambazo hana budi kuzitunza hata akiwa mzee: mahali vikosi vilipo, mipango ya mashambulio, na kadhalika. Hizo ni siri zinazolinda roho za watu. Lakini iko siri ya namna nyingine, ambayo hailindi roho ya mtu yeyote ila hulinda aibu ya wakubwa. Siri hiyo haina kiapo.

Mfano wake ni mambo yaliyotendeka tarehe 16 Machi 1968 katika kijiji cha My Lai. Siku hiyo askari wa Marekani waliwaua mamia ya wanakijiji wasiokuwa na silaha, wakiwamo wazee, wanawake na watoto wachanga. Kumbukumbu iliyojengwa huko Vietnam imeandikwa majina 504. Kwa muda wa zaidi ya mwaka raia wa Marekani hawakuambiwa habari hiyo. Kijana mmoja aitwaye Ron Ridenhour, ambaye hakuwapo kijijini siku hiyo, aliisikia kutoka kwa askari wenzake waliokuwapo. Alipokwisha kumaliza utumishi wake na kurudi nyumbani, mwezi wa Machi 1969, alikaa akaandika barua, akazipeleka kwa wabunge na kwa wakuu wa nchi na wa jeshi, akiomba jambo hilo lichunguzwe. Ndipo uchunguzi ukaanza. Angalieni kijana huyo alivyofanya: hakutukana, hakuzua, hakujifanya hakimu. Alieleza aliyoyasikia na kutoka kwa nani, akawaomba wenye mamlaka wautafute ukweli. Kama angenyamaza kwa kuheshimu sare, sare yenyewe ingezidi kuchafuka.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na hatutaki kuirahisisha. Askari aliye vitani hana starehe ya kufikiri kwa mapana. Akisikia kwamba mwenzake aliyekwisha kurudi salama anasema vita ni kosa, aweza kujiona ameachwa peke yake. Baadhi ya Wamarekani waliokuwa mateka huko Hanoi walieleza baadaye kwamba maneno ya wapinzani wa vita yalitumiwa na walinzi wao ili kuwavunja moyo. Uchungu huo ulikuwa wa kweli, na haukupoa upesi. Maana hata mwaka 2004, Kerry alipogombea urais wa nchi yake, askari wa zamani kadhaa walisimama kumpinga kwa sababu ya maneno aliyoyasema miaka 33 iliyopita. Basi anayetaka kusema na ajue kwamba maneno yake yana gharama, na kwamba gharama hiyo hailipwi na yeye peke yake.

Hata hivyo yatubidi tuipime gharama ya upande wa pili. Ikiwa vita ni vya haki, ushahidi wa mtu mmoja hautavibomoa. Viongozi wataujibu kwa hoja, na taifa litaendelea. Lakini ikiwa vita si vya haki, kila siku ya kimya ina maiti wake. Askari aliyeko handakini huumizwa na maneno, lakini huumizwa zaidi na risasi. Yule aliyerudi, ambaye anajua kwamba mwenzake atauawa kesho kwa jambo lisilo na maana, akinyamaza ili asimvunje moyo, amemhifadhia moyo wake na kuuacha mwili wake upotee. Huo si udugu.

Na hoja ya tatu, ya heshima ya wafu? Tarehe 19 Aprili 1971, askari wale wa Washington, wakiwa pamoja na akina mama waliofiwa na wana wao vitani, walikwenda kwenye makaburi ya mashujaa ya Arlington kuweka mashada ya maua. Walikuta lango limefungwa. Siku ya pili walirudi, wakaruhusiwa kuingia. Kisa hicho kidogo chatuonyesha mengi. Walinzi wa heshima ya wafu walikuwa wamewafungia nje mama zao na wenzao waliolala nao handaki moja. Wafu huheshimiwa kwa kukumbukwa na kwa kuambiwa ukweli. Kuongeza wafu wengine juu yao, ili wale wa kwanza wasionekane kuwa walikufa bure, si heshima hata kidogo. Hesabu ya Wamarekani waliokufa katika vita hivyo ilipita 58,000 kabla havijamalizika.

Baada ya kuitetea haki hii, hatuna budi kuiwekea mpaka wake. Mpaka huo ni bunduki. Katika vita vya Ufaransa nchini Algeria, jemadari mmoja aitwaye Jacques de Bollardière aliona kwamba wafungwa wanateswa. Mwaka 1957, ijapokuwa alikuwa bado katika utumishi, aliomba aondolewe katika madaraka yake, kisha akasema hadharani. Akahukumiwa kifungo cha siku 60 ngomeni, naye akaipokea adhabu hiyo. Mwaka 1961, katika vita vile vile, majemadari wanne waliasi mjini Algiers kwa nguvu za silaha ili kuizuia serikali yao isiafikiane na Waalgeria. Uasi wao ukashindwa kwa muda wa siku chache. Wote walikuwa wamepinga jambo la serikali yao. Lakini mmoja alisema na kukubali kujibiwa. Wale wengine walitaka kuliamrisha taifa.

Sisi Watanzania tunalifahamu jambo hili bila ya kulisoma katika habari za mbali. Mwezi wa Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Wako watakaosema kwamba madai yenyewe yalikuwa na msingi. Lakini dai linaloletwa kwa mtutu wa bunduki halijibiwi kwa hoja. Serikali changa ilitikisika, hata ikabidi majeshi ya Uingereza yaitwe, na jeshi letu likajengwa upya kabisa. Raia mwenye ulimi ni mwenzetu barazani. Mwenye bunduki aliyejipa ruhusa ya kusema kwayo hana mwenzake.

Hapa mtu ataweza kutuuliza juu ya Ureno. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa Kireno, ambao wengi wao walikuwa wamepigana katika Afrika, waliipindua serikali yao, na jambo hilo likasaidia kuvimaliza vita vya ukoloni. Msumbiji, ambayo chama chake cha ukombozi, FRELIMO, kiliundwa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Je, tuwalaumu maofisa hao? Hatuwalaumu, bali twasema kwamba Ureno ya siku zile ilikuwa nchi isiyokuwa na bunge la kweli wala magazeti huru. Aliyeuziba mlango wa maneno ndiye aliyeufungua mlango wa silaha. Hivyo basi haki ya askari wa zamani kusema si zawadi apewayo yeye tu. Ni kinga ya taifa lenyewe.

Limebaki jambo moja. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa sababu hiyo neno la aliyepigana lina uzito wa pekee. Walakini aliyekilalia kitanda kimoja hajavijua vitanda vyote vya nyumba ile. Askari huona bonde alilopigania. Huenda asione meza ya mazungumzo wala hesabu ya serikali. Wako askari wa zamani walioviunga mkono vita vya Vietnam mpaka mwisho, nao walikuwa na haki ile ile ya kusema, na vidonda vyao viliuma sawasawa. Basi neno la askari ni ushahidi, na ushahidi husikilizwa, kisha ukapimwa. Wala tusifike mahali pa kusema kwamba asiyepigana hana ruhusa ya kunena. Mama aliyefiwa anayo, na mkulima ambaye kodi yake ilinunua risasi anayo pia. Naye mwanakijiji wa Vietnam, ambaye watu wake waliokufa huhesabiwa kwa zaidi ya milioni, alikuwa na haki kubwa kuliko wote, lakini hakuwekewa kiti mbele ya kamati ile.

Sisi katika nchi yetu tunawakumbuka mashujaa kila tarehe 25 Julai. Tunaweka mashada, tunapiga paredi, na ni vyema. Lakini taifa linalomvika mzee nishani kifuani na kumtaka apite kimya halijamaliza kumheshimu. Wangali hai vijijini na mijini mwetu wazee waliopigana katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Mwalimu na mwanafunzi wakienda kuzungumza nao, wasiwaulize nyimbo za ushindi tu. Wawaulize pia waliyoyaona njiani, na wawape nafasi ya kujibu watakavyo, hata jibu likiwa si lile lililotarajiwa. Aliyetumwa kwa jina letu anarudi na habari zetu. Na sisi tuliomtuma hatuna haki ya kuchagua nusu ya habari hizo na kuikataa nusu nyingine.