Siku ya Akiba

Wachaga, watani zetu, husema Mpare ni bahili. Waache waseme. Hicho wanachotutania ndicho wanachokikosa wengi ninaowaona wakirudi hapa Same kutoka Zanzibar mwezi wa saba: simu zimejaa picha, na haupiti muda wanabisha hodi kwa jirani kukopa ada ya shule. Mtu akienda kupumzika kwa mkopo wa kausha damu, anayepumzika ni mkopeshaji.

Huku milimani tuna ndiva. Ni bwawa dogo la mawe na udongo, limejengwa juu ya mashamba. Usiku maji ya kijito hujikusanya humo; asubuhi kizibo hufunguliwa, na mwenye zamu anashika jembe na kuyaongoza mferejini hadi kwenye kipande chake. Kijito chenyewe ni chembamba. Kikiachwa kitiririke hovyo, maji yatanywewa na mchanga kabla hayajafika kwenye mahindi. Wazee hawakuwa na namna ya kuongeza mvua ya Upareni, lakini walijua kungoja bwawa lijae. Safari ya familia nayo naiona hivyo: vijisenti vinawekwa tangu Januari, kizibo kinafunguliwa Juni shule zikifungwa. Desemba tuwaachie ndugu wanaopanda milimani kula sikukuu, maana mabasi yanajaa na Januari inakuja na ada na sare.

Kutoka Same hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450. Mwenye haraka apande basi. Mimi napenda treni, hii ya abiria iliyorudi kwenye reli yetu mwaka 2019 baada ya kupotea miaka mingi. Inajikokota, ndiyo, lakini watoto wananyoosha miguu, na kikapu cha mayai na ndizi za kuchemsha kinafunguliwa bila aibu. Dar mnalala kwa ndugu usiku mmoja, mnampa mkungu wa ndizi, mnaondoka bado anawapenda. Boti ziendazo kasi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Vitambulisho viwe mkononi, visiwe chini ya begi.

Ubahili una mpaka wake, na mpaka huo uko bandarini. Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imepakia watu kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar, bahari imechafuka. Chombo hicho kilijengwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya huko Seattle. Kwa hiyo nauli ya boti si mahali pa kutafuta nafuu ya elfu mbili kwa mpiga debe. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali, msafiri asianze kubishana na mawimbi kwa sababu kesho anatakiwa kazini. Ndiyo maana nasema katika bajeti iwepo siku moja ya ziada, na hela yake ya chakula na malazi. Wengi huikata siku hiyo kwanza ili wapate kwenda ufukwe wa Nungwi. Mimi ningeikata Nungwi.

Unguja penyewe raha nyingi hazina kiingilio. Jioni Forodhani vijana wanaruka makachu. Mmoja anakimbia kutoka mbali, anajikunja hewani, anapasua maji, na watoto wetu wa Chome, huku Upareni, waliozoea vijito vya kufika magotini wanabaki midomo wazi. Bakuli la urojo mkononi, jioni imeisha vizuri.

Na hela isipotosha boti? Pale Dar kuna pantoni ya Kigamboni, ambayo kwa miaka mingi nauli yake kwa mtembea kwa miguu imekuwa shilingi 200. Meli ni ya chuma, honi inalia, upepo una chumvi. Mtoto hawezi kujua kwamba amepelekwa kwenye safari ya bei rahisi mpaka mzazi amwambie, na sioni sababu ya kumwambia.

Kurudi kutoka Unguja ndiko kugumu. Juni na Julai kusi inavuma. Wakati wa kwenda mawimbi yanaisukuma boti kwa nyuma. Wakati wa kurudi inayakabili uso kwa uso, na mifuko ya kutapikia inapitishwa kiti hadi kiti. Hapo tangawizi ya Mamba Miamba ina kazi: kipande kidogo, kitafunwe kabla ya kupanda. Wauza viungo wa soko la Darajani watacheka wakisikia kuna mtu amebeba tangawizi kutoka Upareni kuileta Unguja. Wacheke tu. Ya kwao inauzwa, yetu tumeichimba nyuma ya nyumba.