Haki ya Aliye Kati ya Vituo

Wilayani kwetu Rusizi, ambako wengi wangali wakiita Cyangugu, hakuna reli. Iliyopata kutukaribia ni ile ya wakati wa Wabelgiji, iliyotoka Uvira ikapanda bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, ng'ambo tu ya Bugarama. Nayo ilikwisha kufungwa kabla Kongo haijapata uhuru mwaka 1960. Hata hivyo, swali tunalotaka kuwawekea walimu wenzetu ni la reli, ingawa lilitujia tukiwa ndani ya basi.

Tulikuwa tukipanda kutoka Bugarama kwenda Kamembe. Bibi mmoja mzee, mwenye kikapu cha mchele, akaomba ateremshwe penye njia ya miguu iendayo kwake. Dereva akamjibu kwa adabu, "Mama, kituo kiko mbele." Kanuni ilikuwa upande wake. Abiria tukanyamaza, na hatuna budi kukiri kwamba kimya chetu hakikuwa cha kuheshimu kanuni, bali cha kuchelea kuchelewa. Bibi akashushwa kituoni, akajitwika kikapu, akaanza kurudi alikotoka. Sisi tunaofundisha lugha twajua kwamba kituo chatokana na kutua, na mwenye kutua ni mwenye mzigo. Pale mzigo ulipandishwa kichwani.

Je, waliokwisha kuketi wana haki gani juu ya yule akaaye kati ya vituo viwili?

Mwezi wa Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki wa Kenya alifungua stesheni mpya ya Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, iliyounganishwa na reli kongwe itokayo Mombasa. Reli hiyo ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Wako watakaosema kwamba vituo vya kale vina heshima ya ukongwe, na kwamba kipya huja kama mgeni asiyealikwa. Hatukubali. Vile vya kale navyo aghalabu viliwekwa kwa haja za garimoshi lenyewe: maji ya injini ya mvuke, na mahali pa treni kupishana kwenye njia moja. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Injini zile zilikwisha kuondoka. Umbali uliopimwa kwa kiu yao umebaki.

Lakini tusiwe wepesi, maana kituo hakipatikani bure. Treni yenye abiria 1,000 ikipoteza dakika 3 kwa kusimama, imewatoza jumla ya dakika 3,000, yaani saa 50. Ikiwa watu 20 wameepushwa mwendo wa saa 2 kila mmoja, faida ni saa 40 tu. Mwalimu wa hesabu atasema kituo kifutwe. Hesabu yake ni sahihi, na hukumu yake ina kosa. Dakika zile 3 hazikusanyiki mahali popote. Hakuna mtu hata mmoja aliyepoteza saa 50. Bali saa 2 za mguu zimo zote katika shingo moja.

Ila mtu akiongeza kituo cha kumi, na cha ishirini, kwa hoja hiyohiyo, yule apandaye mwisho wa reli atafika kazini jua limepanda. Hapo dakika zimekusanyika kweli, na zote ni zake. Kwa hiyo hatusemi kila aombaye apewe kituo. Twasema atazamwe kwanza yule aliyeelemewa zaidi, awe njiani au awe ndani.

Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, ilijaribu kuwaridhisha wote: treni ya haraka, saa 5 hivi, na nyingine inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, saa 6 hivi. Ni suluhu nzuri, kwa mwenye treni mbili. Kwetu basi ni moja.

Tumekwisha kuandika barua kwa ofisi ya serikali kuomba kibao cha kituo penye njia ile ya miguu. Barua yenyewe yasema wazi kwamba basi litachelewa dakika 2, na kwamba sisi tuliotia sahihi ndio tutakaochelewa.