KITABU CHA KUONDOA WASIWASI NA MACHOZI YA NABII YAAKUB

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kijana mmoja wa Alunguli, ambaye kila Ijumaa huvuka Lualaba kwa mtumbwi ili aswali nasi huku ng'ambo, alinijia baada ya swala akiwa ameficha kitu ndani ya kanzu. Nilidhani ni barua ya posa. Kumbe ni kitabu cha Kifaransa, kimechakaa, hakina tena jalada la nyuma. Alikinunua kwa wale wanaotandika vitabu vya zamani chini sokoni. Akaniuliza: “Maalim, ni halali mimi kukisoma?”

Kwanza ni jina lake lililomtia hofu: Triomphez de vos soucis: vivez, que diable! Shetani ametajwa pale pale mbele. Nikacheka. Katika Kifaransa hilo ni neno la kukazia usemi tu, kama sisi tunavyosema “jamani!”, na anayelisema hamwiti Ibilisi. Lakini chini ya swali la jina palikuwa na swali lingine, na hilo halikunichekesha. Alisema: “Kitabu kinasema nikibadili namna ninavyowaza, maisha yangu yatakuwa mepesi. Je, huko si kumsahau Mungu na kuitegemea nafsi yangu?”

Nikamwomba aniachie kitabu kwa juma moja.

Aliyekiandika ni Mmarekani, Dale Carnegie, aliyezaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Missouri kwa wazazi wakulima waliokuwa maskini, na akafa mwaka 1955. Kitabu kilitoka mwaka 1948. Ni katika vile vitabu vinavyomfundisha mtu kuijenga nafsi yake, ambavyo siku hizi vijana wetu wa chuo kikuu wanavipenda sana. Nilikuwa tayari kukikataa. Mimi nimelelewa kwenye chuo cha Kurani, juu ya mkeka, mbele ya ubao na wino wa masizi, na tabia ya sisi watu wa chuo ni kukishuku kila kitabu ambacho hakikuandikwa na mtu wa kilemba.

Kilichonizuia ni kukumbuka kwamba mtu wa kilemba alikwisha kukisoma kabla yangu. Sheikh Muhammad al-Ghazali wa Misri (1917-1996), msimchanganye na Imamu Abu Hamid al-Ghazali mwenye Ihya, alikisoma kitabu hiki hiki kilipofasiriwa kwa Kiarabu. Hakukitupa. Aliketi akaandika kitabu chake, Jaddid Hayatak, yaani Yafanye Upya Maisha Yako. Humo alichukua mlango baada ya mlango wa yule Mmarekani, akaonyesha kwamba mengi ya kweli yaliyomo, Waislamu walikuwa nayo tangu zamani katika Kurani na Hadithi, ila wameyaacha yakalala.

Tutoe mfano mmoja. Carnegie anamwambia msomaji aishi ndani ya siku yake ya leo. Asibebe ya jana na ya kesho yote kichwani kwa pamoja. Sheikh al-Ghazali akaleta Hadithi aliyoipokea Tirmidhi: kwamba mtu akiamka ana amani nyumbani kwake, ana afya mwilini, na ana chakula cha siku ile, basi ni kama aliyekusanyiwa dunia nzima. Mimi Hadithi hiyo naijua kwa moyo tangu utoto. Lakini nakiri mbele yenu, sikuwahi kuifikiria kuwa ni dawa ya mtu asiyepata usingizi usiku.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akipenda fa'l, yaani neno jema linaloupa moyo matumaini, na akakataza kuamini nuksi na mikosi. Kumtarajia Mwenyezi Mungu mema ni sehemu ya imani. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Mwislamu mzuri ni yule aliyekunja uso.

Tena wako wanazuoni wetu walioandika juu ya kuitibu nafsi miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Carnegie. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu cha maslahi ya mwili na nafsi. Anasema kwamba kama vile mtu mzima wa afya anavyoweka akiba ya dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafula, vivyo hivyo aweke akiba ya mawazo mema wakati moyo umetulia, ili huzuni ikimvamia awe na cha kushika. Angalieni maneno hayo. Anayekusanya mawazo mema kutoka katika kitabu anafanya kazi ya kuweka akiba. Si lazima awe ameacha kumtegemea Mola wake. Mtume (S.A.W.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Na moyo nao ni ngamia, tena mkaidi kuliko wote.

Mpaka hapo nilikuwa na jibu la kumpa kijana wangu. Lakini nikakumbuka kosa langu mwenyewe, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike karatasi hii.

Mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya vita vile vya 1998 hadi 2003 kumalizika, alinijia mama mmoja. Mtoto wake wa kiume alichukuliwa wakati wa vita, na hakuna aliyejua kama yuko hai. Alikuwa analia. Mimi, badala ya kumsikiliza, nikampa darasa. Nikamwambia asihuzunike, mwenye imani hana huzuni, akunjue uso, aone mema ya Mola. Akafuta machozi, akaniambia “asante, Maalim”, akaenda. Hakuonekana tena msikitini. Baada ya miezi mingi jirani yake ndiye aliyenieleza: mama yule alikuwa bado analia kila usiku, na kwa kuwa nilisema mwenye imani hana huzuni, alijiona si mwenye imani tena. Akaona haya kusimama kwenye safu.

Ndugu zangu, maneno mema yanaweza kuua. Na hapa ndipo penye ubaya wa baadhi ya vitabu hivi. Kipo kimoja kilichotoka mwaka 2006, The Secret, cha Rhonda Byrne wa Australia, kinachofundisha kwamba mtu huvuta kwake yale anayoyawaza: ukiwaza mema yanakuja mema, ukiwaza mabaya yanakuja mabaya. Sasa nauliza. Wale walioporwa mbuzi wao na kuchomewa nyumba usiku, walikuwa wanawaza nini? Walikuwa wamelala! Fundisho la namna hiyo linamwongezea aliyeonewa mzigo wa pili: kwanza ameporwa, kisha anaambiwa amejipora mwenyewe kwa mawazo yake. Hilo hatulikubali, hata likiandikwa kwa herufi za dhahabu.

Someni Sura ya Yusuf. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Ni Nabii huyo! Wanawe walimlaumu kwa kutomsahau Yusuf, akawajibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mungu peke yake. Na mzee yule yule, na macho yale yale yasiyoona, ndiye aliyewatuma warudi njiani wakamtafute Yusuf na ndugu yake, akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Hakungoja machozi yakauke ndipo atumaini. Matumaini yake yalikuwa ni kuwatuma watoto safari.

Nilipoyaelewa hayo nilikwenda kwa yule mama. Nilimwomba msamaha, kisha nikakaa kimya kwenye kigoda chake, na akalia, na mimi sikumkataza. Tukaanza pamoja kuuliza habari za mtoto kwa watu waliorudi kutoka sehemu mbalimbali. Hatujampata. Lakini Ijumaa iliyofuata mama alikuwa kwenye safu.

Turudi kwenye ile Hadithi ya siku moja. Imetaja amani nyumbani, afya, na chakula. Haikusema mtu ajidanganye kwamba anavyo wakati hanavyo. Jirani yako akiwa hana cha kupika leo, usimpelekee kitabu cha kuondoa wasiwasi. Mpelekee kopo la mchele. Kitabu kitafuata, kama atakitaka.

Kijana wangu aliporudi nilimwambia: soma, na ushike kalamu mkononi. Pale kinaposema neno la kweli, andika pembeni Aya au Hadithi unayoijua inayofanana nalo. Kama huijui, njoo tuitafute. Pale kinapokwambia kwamba wewe peke yako ndiye mwenye uwezo wote juu ya maisha yako, piga mstari, pita.

Ndipo na yeye akanieleza kwa nini alikinunua. Amemaliza masomo, ana diplomu, na kwa miaka mitatu anapakia watu kwa kinga kutoka bandari ndogo hadi sokoni. Ana deni la mjomba wake lililokuwa likimkosesha usingizi. Baada ya kusoma ule mlango wa kuishi siku moja, alikwenda kwa mjomba wakakubaliana amlipe franka mia tano kila jioni, iwe jua au mvua. Kazi bado hajapata, na kitabu hakikumpa. Kilimrudishia usingizi, na sasa namwona Alfajiri mara nyingi kuliko wengi wenu wenye kazi.

Alitaka kuniachia kitabu chake. Nilikataa, nikamwambia ampe mwenzake. Nimesikia sasa kiko kwa mtu wa tatu, na pembeni kimejaa Aya kwa hati mbaya sana. Anayekingoja aandikishe jina kwa mwadhini wetu.

Wabillahi tawfiq.