Faida Isiyopita Mkononi

Wako watu wadhanio kwamba mali isiyopita mkononi haina haja ya kuandikwa. Twaiona dhana hii zaidi katika miezi ya mwanzo wa mwaka, pale vyama vya akiba na mikopo vya Nyeri, Karatina na Nanyuki vinapokutana na kutangaza gawio. Mwanachama huulizwa: utachukua fedha zako, au ziongezwe katika hisa? Akisema ziongezwe, hufungua programu ya hesabu katika simu yake, akabadilisha idadi ya hisa, akaifunga. Je, hesabu hiyo ni ya kweli?

Tutoe mfano wa kubuni. Mtu ana hisa 500 za shilingi 100 kila moja, yaani shilingi 50,000. Chama kimetangaza gawio la asilimia 10, nalo ni shilingi 5,000. Kodi ya asilimia 5 hukatwa, shilingi 250; zabaki 4,750. Hizo zanunua hisa 47, na shilingi 50 husalia.

Aliyeandika 547 mahali pa 500, bila ya neno jingine, programu yake humwambia kwamba shilingi 50,000 zimepanda thamani zikawa 54,700. Lakini bei ya hisa haikupanda hata senti moja. Jana ni 100, na leo ni 100. Ameambiwa uongo, na aliyemwambia ni mkono wake mwenyewe. Mwingine huandika kwamba amenunua hisa 47 kwa shilingi 4,700, kana kwamba zimetoka mfukoni mwake. Huyu idadi yake ni sawa, ila gawio limetoweka. Kwa daftari lake, chama hakikumpa chochote.

Lililo sawa ni kuandika mambo mawili kwa tarehe moja: mapato ya shilingi 5,000 pamoja na kodi yake ya 250, kisha ununuzi wa hisa 47. Fedha hazikupita mkononi, naam. Lakini gawio likishatangazwa huwa ni deni lililo juu ya chama, na mwanachama alikuwa na hiari ya kulidai. Nayo aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni ya kuandika deni, na mwandishi ameamrishwa humo aandike kwa uadilifu.

Mtu aweza kusema: daftari ni langu, namdhulumu nani? Twamjibu kwamba daftari haliwi la mtu mmoja daima. Chukua mama auzaye viazi katika soko la Karatina. Hisa ni zake, ila mwanawe aliye Nairobi ndiye amwekeaye hesabu, na kila mwaka huandika kuwa hisa zimenunuliwa kwa fedha taslimu, bila ya kusema ni za nani. Miaka 10 ikipita na mama akafariki, nani atakayejua kama ziada ile ni gawio la mama au ni fedha za mwana? Ndugu zake watamtuhumu. Na la kuogofya zaidi, huenda yeye mwenyewe akaamini kwa moyo safi kuwa ni zake. Mume ana robo yake mke akiacha watoto. Robo ya nini?

Twajua msomaji atauliza habari ya riba, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato ya vyama hivi hutokana na mikopo. Hatukusudii kuihalalisha kwa kuiandika vizuri. Bali mwenye shaka na gawio, akataka kulitoa lisichanganyike na mali yake, atalitoaje hali ya kuwa limekwisha yeyuka ndani ya idadi ya hisa, na zile hisa 47 nazo zimezaa gawio la mwaka wa pili?

Na zile shilingi 50 zilizosalia? Hazikununua hisa, wala hazikupotea. Ziandikwe kuwa ni fedha iliyoko kwa chama, kisha mwenyewe aulize ofisini zimewekwa wapi: katika akiba yake, au zangoja gawio la mwaka ujao.