Furaha ya Ugenini



Kwetu Kisii na Nyamira, mtu kuondoka nyumbani kwa ajili ya kazi si jambo geni. Wazee wetu walikwenda Kericho kwenye mashamba ya chai, na wengine Nairobi. Siku hizi wapo walimu wanaovuka mpaka. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na tangu hapo walimu kutoka Kenya wamekuwa wakipata kazi huko. Mmoja huondoka, mwingine hubaki na watoto, majani chai na wazazi.

Juu ya pesa na juu ya uzinzi watu husema mengi. Leo tutazame jambo lisilosemwa sana: je, ni haki kufurahi ugenini wakati mwenzako anataabika nyumbani?

Tumfikirie mwalimu mmoja wa Nyamira anayefundisha Rwanda. Miezi ya kwanza alitoka shuleni akajifungia chumbani. Kisha, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jirani alimgongea mlango. Ilikuwa siku ya umuganda, ambapo wakazi hutoka kufanya kazi ya pamoja, kama kuchimba mitaro au kusafisha barabara. Mwalimu akachukua jembe. Baada ya kazi watu walikaa wakazungumza mambo ya mtaa, naye akatambua kwamba maneno kadhaa ya Kinyarwanda yanakaribia Ekegusii chake. Toka siku hiyo akaanza kualikwa. Alikula isombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, akaingia kwaya ya parokia, akapata marafiki ambao hawakujua ukoo wake wala deni lake la karo.

Lakini alipopiga simu nyumbani alisema, "Huku ni kazi tu. Pesa zimefika?" Alinyamaza kwa huruma. Alijua mama watoto ameamka alfajiri kuchuma majani chai kwenye mvua, kisha amekaa hadi jioni kituoni akisubiri lori la kiwanda. Atamwambiaje kwamba yeye jana alikuwa akiimba?

Siku moja jamaa alimtumia mke picha kwa simu. Mumewe yuko arusini, amevaa suti ambayo mke haijui, anacheka sana. Hapakuwa na mwanamke wa kumtilia shaka. Hata hivyo mama yule alilia. Dada yake alipomwuliza sababu, alijibu, "Sikujua kwamba bado anaweza kucheka hivyo."

Je, mume huyu amekosa? Wengine watasema ndiyo, maana mwenzako akiteseka nawe uteseke. Lakini mwalimu anayejifungia ndani hampunguzii mkewe hata kikapu kimoja cha majani. Tena upweke humsukuma mtu kwenye chupa, au kwa mtu yeyote atakayemwonea huruma. Na atawafundishaje vizuri watoto ambao hataki kuwajua wazazi wao? Kufurahi na majirani wema si dhambi.

Wengine watasema hana kosa lolote: pesa anatuma, uzinzi hakufanya, mengine ni yake. Hapo pia tusikubali haraka. Siku ya arusi hatukuahidiana mshahara. Tulijitoa sisi wenyewe. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1151, inasema kwamba wanandoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kama kuna sababu halali. Kutafuta riziki ya watoto kwaweza kuwa sababu ya kutolala chini ya paa moja kwa muda. Si sababu ya kuwa na maisha mawili yasiyojuana. Naye Mtakatifu Paulo aliwaasa wanandoa wa Korintho kwamba wakitengana iwe kwa kupatana, na kwa muda, kisha warudiane.

Kwa hiyo kosa la mwalimu wetu ni dogo kwa sura, lakini lina mizizi. Hakukosa kwa kucheka. Alikosa kwa kumnyima mkewe kicheko hicho, akamfanya akione kama mgeni. Pesa inaweza kulipa karo, lakini haiwezi kumweleza mke ni mtu gani atakayeshuka kwenye basi mwezi wa Desemba.

Naye aliyebaki nyumbani amebadilika. Mama yule sasa anaamua bonasi ya chai itumikeje, anasimamia mafundi, anaongoza jumuiya ndogo ndogo. Mume akirudi na kuanza kuamuru kana kwamba aliondoka jana, ugomvi utaanza kabla begi halijafunguliwa. Wote wawili wamesafiri, na kila mmoja ana habari za safari. Na aliyeondoka akiwa ni mama, sheria ni ile ile, hata kama mashemeji wana maneno.

Tufanye nini basi? Pangeni saa moja kila juma ambayo si ya pesa. Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja: saa tatu usiku Kisii ni saa mbili huko. Aliye mbali aanze kwa kuuliza na kusikiliza, kisha asimulie furaha yake bila kujisifu. Ataje marafiki kwa majina. Ukiona kuna rafiki ambaye ulimi wako unasita kumtaja kwa mwenzako, jichunguze mapema. Aliye nyumbani naye asiigeuze kila habari njema kuwa mashtaka, maana mwenzake atajifunza kunyamaza.

Nauli ikipatikana, mwende mkaone. Tangu 2014 Wakenya wanaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mama yule akikaa siku chache tu katika mtaa ule, na kushika jembe siku ya umuganda, ile picha ya arusi haitakuwa tena ya watu asiowajua.

Zungumzeni pamoja:

1. Ni furaha gani niliyoipata mbali nawe ambayo sijakusimulia? Kwa nini?

2. Tangu nilipoondoka, wewe umebadilika katika jambo gani ambalo sijalitambua?

3. Je, tulipatana kuhusu muda wa kutengana, au tunangoja tu?