Kwa matanga tunafika mapema: ulizo juu ya mtoto anayeanza kupotea

Kuna jambo moja ambalo kila mkaaji wa Kikula analijua bila kufundishwa. Kilio kikisikika usiku mu lupango moja, mbele ya jua kutoka kazi yote imekwisha kugawanywa. Vijana wanaenda kutafuta viti, wamama wanaleta makala, unga na sombe, mzee mmoja anakaa kwa meza na kaye, anaandika jina la kila mtu na feza aliyotoa. Mwingine anatumwa kanisani, mwingine kwa mukubwa wa avenyu, mwingine anaenda kumwita mjomba kule Kambove. Hakuna anayeuliza: "Ile matanga ni ya nani?" Ni yetu sote, na kila mmoja anajua kipande chake.

Sasa tujiulize ulizo lenye kuuma kidogo. Kama tunajua kushirikiana vile juu ya mtoto aliyekufa, juu ya nini hatujui kushirikiana juu ya mtoto aliye hai, anayeanza kupotea mbele ya macho yetu? Tunaomba msomaji afikiri pamoja nasi. Sisi si watu wa sheria wala waganga, sisi ni watu wa chaki. Lakini mwalimu anaona watoto siku sita kwa juma, na mengine aliyoyaona hayamuachi alale.

Mtoto mmoja, macho mengi

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanafunzi mmoja wa miaka kumi na mbili. Mama yake alikuwa amekufa, naye alikuwa anaishi kwa ndugu. Kuanzia mwezi wa kumi alianza kulala juu ya meza saa ya kwanza. Sisi tulimuandika: "Mzembe." Kiisha tulimrudisha nyumbani mara mbili juu ya feza za masomo, maana ndivyo tulivyoagizwa, na hatukuuliza alikokwenda siku zile.

Baadaye, tulipoanza kuuliza, tulipata vipande vingine. Muganga wa dispensari alikuwa amemufunga kidonda cha mkono mara mbili, na mara zote mtoto alikuja peke yake, bila mtu mkubwa. Mama jirani alijua kwamba alikuwa analala mu jikoni ya inje. Mukubwa wa avenyu alikuwa amemuona asubuhi mapema sokoni, anabeba mizigo ya watu. Na mu chumba cha maombi walijua jambo zito kuliko yote: nyumba ile ilikuwa imepoteza mtoto mchanga, na watu walikuwa wanatafuta ni nani aliyemula.

Angalieni vizuri. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekuwa na roho mbaya sana. Kila mmoja alikuwa na kipande kimoja, na kipande kimoja peke yake hakitishi. Mtoto kulala mu kalasi si ajabu. Kidonda si ajabu. Kubeba mizigo sokoni, mu miji yetu, si ajabu. Lakini mtu angeviweka vile vipande vyote juu ya meza moja, ata asiyesoma angeona kwamba mtoto huyu eko pembeni ya shimo. Meza ile haikuwekwa. Kwa mwezi wa pili nafasi yake mu kalasi ilikuwa wazi. Walikuwa wamemufukuza, wanasema ni mulozi.

Tulimkuta siku moja karibu na soko, na mfuko wa rafia begani, pamoja na vijana wanaoenda kuokota mawe ya shaba mu machimbo. Tulimwita. Alisimama kwa heshima, kama mwanafunzi, na alisema neno moja tu: "Mwalimu, mulikuwa munaniona." Hakusema kwa hasira. Tangu siku ile hatujapata jibu la kumpa.

Wazee walifanya namna gani?

Watu wanapenda kusema: "Zamani mtoto alikuwa wa kijiji kizima." Neno lile ni zuri, lakini tulichunguze, maana kitu cha watu wote mara nyingi hakina mwenyewe. Mbuzi wa watu wote analala bila maji.

Ukweli ni kwamba wazee hawakusema "mtoto ni wa wote" na kuishia hapo. Walimpa kila mtu sehemu yenye jina. Kwa Babemba na Balamba, mjomba, ndugu ya mama, ndiye aliyekuwa na sauti juu ya mtoto, na njo yeye aliyeulizwa kama mambo yaliharibika. Kwa Baluba, upande wa baba njo uliojibu. Tena kulikuwa jina: mtoto aliyepewa jina la nkambo alikuwa na majina wake, mtu ambaye hangeweza kusema "simjui." Na wakizaliwa mapasa, Kyungu na Kabange, watu walileta vitu bila mama kuomba. Juu ya nini? Juu walijua kwamba mzigo ule unamupita mtu mmoja. Hawakungoja mama aanguke kwanza.

Tunaona pale mafundisho mawili: msaada ulikuja mapema, na kila kazi ilikuwa na mtu wake. Lakini tusipake desturi asali. Wazee walewale walijua kuonea yatima. Mtoto wa marehemu alichota maji mingi kuliko wenzake na alikula nyuma yao. Desturi ilikuwa na mlango wa kumuingiza mtoto, na mlango wa kumutoa.

Kambi na siti

Kiisha ikaja kazi ya migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kutafuta kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Mu kambi kulikuwa posho, masomo, lopitali, na mizani ya kupima watoto wachanga. Mtoto akipungua kilo, muganga alijua. Asipofika masomoni, kampuni ilijua, maana vyote vilikuwa mu mkono mmoja. Tangu 1967 Serikali ilichukua kampuni, na baadaye ikawa Gécamines, na desturi ile iliendelea.

Wazee waliokulia kambini wanakumbuka wakati ule kwa machozi, na tunawaelewa. Lakini tuulize: mtoto yule alikuwa anahesabiwa juu ya nini? Alihesabiwa kama mfanyakazi wa kesho. Mtoto ambaye baba yake hakuwa na namba ya kazi hakuwa mu hesabu. Na Kikula, kwa sehemu kubwa, ni siti, si kambi: watu wa soko, wa ufundi, wa kila kabila, waliojitafutia wenyewe.

Tena, kitu kilicho mu mkono mmoja kinaanguka siku moja. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulibomoka. Mwaka wa 1992 na 1993 familia za asili ya Kasai zilifukuzwa, na hapa Likasi maelfu ya watu, pamoja na watoto, walingoja treni wakilala inje. Mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa kupenda. Posho, masomo na lopitali vilitikisika pamoja. Watoto wa watu waliokuwa na namba ya kazi wakakutana mu machimbo na watoto wa siti. Kwa hiyo hatuombi baba mmoja mkubwa arudi. Tunaomba mikono mingi ijue kushikana.

Sheria iko, meza haiko

Hatuwezi kusema kwamba Serikali haikuandika. Nchi yetu ilikubali mapatano ya dunia juu ya haki za mtoto mwaka wa 1990. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumsingizia bulozi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inasema kwamba anayemsingizia mtoto bulozi anaweza kufungwa mwaka mmoja mpaka mitatu na kulipa feza. Sheria ileile iliweka hakimu wa watoto, na inampa mfanyakazi wa mambo ya jamii kazi ya kumtafutia mtoto mahali pa kukaa kwa muda, ikiwa nyumba yake imemkataa. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Serikali yanapaswa kuwa bila malipo. Mu sehemu nyingi za nchi kuna pia mitandao ya mitaa ya kulinda watoto, inayoitwa RECOPE.

Kule Lubumbashi, Wasalesiani wa Don Bosco wanapokea watoto wa barabarani mu nyumba ya Bakanja. Ni kazi kubwa, tunaiheshimu. Lakini mtoto aliyefika kule amekwisha kupita milango mingapi? Amepita mlango wa ndugu, wa mwalimu, wa dispensari, wa kanisa, wa mukubwa wa avenyu. Kila mlango uliofungwa unaongeza bei ya kumrudisha. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vizuizi viwili vya kweli

Wengine watatuambia: "Ile mambo ni ya mu nyumba yabo, tusiingilie." Hatucheki neno lile. Siri ya nyumba ni heshima ya maskini; mara nyingi njo kitu pekee kilichomubakia. Lakini kueneza na kufikisha ni vitu viwili. Anayeeneza anasema mbele ya watu wasioweza kusaidia, na mdomo wake unapata utamu. Anayefikisha anasema kwa mtu mmoja mwenye kazi ya kusaidia, kiisha ananyamaza. Yule mama jirani, angetuambia "mtoto analala jikoni," hangevunja nyumba ya mtu. Nyumba ilikuwa imekwisha kuvunjika. Kilichobakia kilikuwa mtoto.

Kizuizi cha pili kinatuogopesha zaidi. Tukimkusanyikia mtoto mapema, tukaweka jina lake mu kaye, hatutamtia alama? Na hapa tuseme ukweli wote: watu waliomufukuza yule mwanafunzi wetu walikuwa wameshirikiana vizuri sana. Ndugu, majirani, watu wa maombi, wote waliitana, walikaa pamoja, walipatana. Walichelewa? Hapana, walifika mapema. Basi kushirikiana peke yake si wema. Ata wezi wanashirikiana.

Tofauti iko wapi? Sisi tunaona iko mu ulizo la kwanza linalowekwa juu ya meza. Wale waliuliza: "Mtoto huyu ni nani?" Na jibu likawa: mulozi. Sisi mwalimu tuliuliza ulizo lilelile kwa njia ya masomo, na jibu letu likawa: mzembe. Kwa kweli tulikuwa mu kundi moja nao, tulitofautiana paka neno. Ulizo la haki ni lingine: "Mtoto huyu anakosa nini?" Anakosa usingizi, dawa, feza ya masomo, mtu mkubwa wa kusimama nyuma yake. Ulizo la kwanza linamaliza mtoto. La pili linagawanya kazi. Na mtoto mwenyewe awe wa kwanza kujibu. Tulikuwa wengi wenye kumuona yule kijana, na hakuna aliyemuuliza.

Tufanye kama likelemba

Mtu atasema: "Hatuna feza, hatuna ofisi." Lakini wamama wa Kikula wanaendesha likelemba miaka na miaka bila ofisi. Nini inaisimamisha? Vitu vitatu: watu wachache wanaojuana, siku isiyobadilika, na mtu mmoja wa kushika kaye ambaye wote wanamjua. Zamu ikipita mtu, analalamika siku ileile.

Tunaleta wazo dogo. Mu kila kartie, mwalimu mmoja, muganga wa dispensari, mukubwa wa avenyu, mtu mmoja wa kila kanisa na wa msikiti, na mama mmoja anayeaminiwa wakutane siku moja kwa mwezi, na wamuite mfanyakazi wa mambo ya jamii wa komine. Wasihukumu mtu. Kila mmoja aweke kipande chake juu ya meza. Juu ya kila mtoto, mtu mmoja tu aandikwe kuwa wa kumfuata, na mwezi unaofuata aulizwe: "Ulimuona? Alisema nini?" Kaye ikae imefungwa, isiende sokoni. Na jambo likipita nguvu zao, kama kupigwa, kunajisiwa ao kusingiziwa bulozi, lisifichwe kwa ajili ya amani ya wakubwa. Lifikishwe kwa hakimu.

Kitu hiki hakitaponya umaskini wa Likasi. Lakini ule umaskini haukutuzuia kamwe kuweka meza na kaye kwa matanga.

Wapenzi wasomaji, tulianza na kilio, tumalizie hapo. Siku mtoto anazikwa, kila mmoja wetu anatoa kitu na jina lake linasomwa kwa sauti. Ni desturi nzuri, tusiiache. Lakini yule kijana mwenye mfuko wa rafia hakutuomba sanda. Alituambia tu kwamba tulikuwa tunamuona. Mbele ya kumaliza juma hili, kila mwenye kusoma ukurasa huu amkumbuke mtoto mmoja ambaye anamuona na hajamuuliza. Amuulize. Kiisha atafute mtu wa pili mwenye kipande kingine.