Tawakali na Safari ya Gari la Zamani

Je, mtu alikaguaye gari lake kabla ya safari amepungukiwa na tawakali? Wako wanaodhani hivyo, nao hujitetea kwa methali: "Ajali haina kinga." Na tulipime neno hilo kwa mfano.

Mtu amenunua Peugeot 404 iliyoundwa miaka ya 1960. Gari la aina hiyo lina sifa kubwa: lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Rangi yake yang'aa, na mjini halijamsumbua. Sasa ataka kuwachukua mkewe na watoto kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, ambayo ni safari yake ndefu ya kwanza tangu alinunue.

Lakini mpira huzeeka hata usipotumika. Tairi lisilolika laweza kuwa limepasukapasuka kwa umri, na mipira ya rejeta vivyo hivyo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakipata moto mwingi huchemka, na breki ikikanyagwa haishiki. Kasoro hizi mjini hujificha. Safari ndefu huzifichua.

Mtume Muhammad s.a.w. alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, alimfundisha amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kurani Tukufu, katika Sura At-Takwir, ilitabiri kwamba ngamia wataachwa, nasi twaona magari yameshika mahali pao. Chombo kimebadilika, fundisho ni lile lile.

Basi asemaye "ajali haina kinga" kabla ya kufungua boneti, anamsingizia Mungu uvivu wake mwenyewe. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeweka kanuni ambazo kwazo mpira huoza na mafuta huchemka, na kuzipuuza kanuni Zake si imani. Tena watoto waliokaa kiti cha nyuma hawakuichagua hatari hiyo. Roho zao ni amana mikononi mwa dereva.

Hata hivyo, hakuna fundi awezaye kuliongoza lori lijalo mbele. Akisha kumaliza wajibu wake, Mwislamu huketi na kukiri kwamba Mungu ndiye aliyemtiishia chombo hicho, na kwamba Kwake atarejea. Hapo ndipo mahali pa tawakali.

Ewe mtafutaji wa haki, dini ikikutaka uifumbe akili ili usifiwe imani, ihoji. Uislamu wataka mikono itende na moyo uombe. Mwenyezi Mungu atujalie vyote viwili. Amin.